Kuanza kutumia Mastodon: mwongozo kwa anayeingia kwenye mitandao ya kijamii iliyogatuliwa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anatumia Facebook, X, Instagram au makundi ya WhatsApp, amesikia habari za mitandao isiyomilikiwa na kampuni moja, na sasa anataka kufungua akaunti bila kupotea njiani. Nimechagua Mastodon kuwa mfano mkuu kwa sababu ndiyo inayojulikana zaidi katika kundi lake. Ilitolewa kwa umma mwaka 2016 na Eugen Rochko, mtaalamu wa programu aliyekuwa Ujerumani, na mwishoni mwa 2022, baada ya Elon Musk kuinunua Twitter, ilipokea wimbi kubwa la wageni. Mengi nitakayoeleza yanafaa pia kwa Pixelfed ya picha, PeerTube ya video na Lemmy ya mijadala, kwa kuwa zote zinatumia itifaki moja, yaani kanuni za mawasiliano kati ya kompyuta, iitwayo ActivityPub, ambayo W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, liliipitisha Januari 2018.

Kinachoitofautisha Mastodon ni kwamba hakuna kompyuta kuu moja wala kampuni moja inayoshika funguo zote. Kuna maelfu ya seva, na kila moja inaendeshwa na mtu, chama, chuo au taasisi yake, lakini zote zinawasiliana. Mwenye laini ya Airtel humpigia mwenye laini ya Vodacom bila hata kufikiri kwamba wako kwenye mitandao miwili, na ndivyo mtumiaji wa seva moja ya Mastodon anavyomfuata, kumjibu na kusambaza machapisho ya mtumiaji wa seva nyingine. Seva moja ikifa, nyingine zinaendelea.

Niweke wazi jambo moja mapema, kwa sababu limewapa watu matumaini ya bure. Ugatuzi huu hauleti kinga dhidi ya kuzimwa kwa intaneti. X ilipozuiwa Tanzania Mei 2025, na Facebook ilipozuiwa Uganda Januari 2021, kilicholengwa kilikuwa huduma ya kampuni moja yenye anwani zinazojulikana. Seva zilizotawanyika ni vigumu kuzizuia zote kwa mkupuo, ila kila moja peke yake huzuilika kirahisi, na siku mtandao mzima unapozimwa hakuna hata moja inayofikika. Anayeingia Mastodon na aingie kwa sababu nyingine: machapisho hupangwa kwa wakati yalipoandikwa, hakuna matangazo ya biashara yanayosukumwa katikati yake, na mtumiaji anaweza kuhama na wafuasi wake.

Hatua ya kwanza: fahamu anwani inavyosomeka

Kwenye X jina moja linatosha. Kwenye Mastodon anwani ina sehemu mbili, na kila moja hutanguliwa na alama ya @: ya kwanza ni jina ulilojichagulia, ya pili ni seva uliyojisajili. Kwa mfano wa kubuni, @asha@mtaa.example ni Asha aliyejisajili kwenye seva iitwayo mtaa.example, na @asha@kijiji.example anaweza kuwa mtu mwingine kabisa ambaye hakuna mamlaka ya juu ya kumnyang'anya jina hilo. Kwa hiyo unapompa mtu anwani yako, mpe nzima, na unapomtafuta mtu mashuhuri usiridhike na sehemu ya kwanza. Taasisi kadhaa zimeliondoa tatizo hili kwa kuendesha seva zao wenyewe: akaunti za serikali ya shirikisho ya Ujerumani ziko social.bund.de, na BBC ilianzisha social.bbc mwaka 2023 kwa majaribio. Akaunti inapoishia na anwani ya namna hiyo, huhitaji alama ya tiki ili kujua inatoka wapi.

Hatua ya pili: chagua seva

Wageni wengi hukwama hapa, hasa wanapoona orodha ndefu kwenye joinmastodon.org na kudhani kwamba uamuzi huu hauna kurudi nyuma. Unarudika, kama utakavyoona mbele, na kwa hiyo hakuna haja ya kuutafakari wiki nzima. Hata hivyo kuna maswali mawili yanayostahili jioni moja ya uchunguzi: nani anaiendesha seva hiyo, na mambo yakiharibika anafanya nini.

Majibu mara nyingi yako kwenye ukurasa wa seva wa kujieleza, ambao unaweza kuusoma kabla ya kujisajili. Hapo utakuta jina la msimamizi na njia ya kumfikia, kanuni za seva na, kama msimamizi ameamua kuionyesha, orodha ya seva nyingine alizoziwekea mipaka au kuzikata kabisa pamoja na sababu. Orodha hiyo ndiyo ambayo watu huiruka, ilhali ndiyo inayosema mengi. Seva isiyomkata yeyote kwa kawaida ina msimamizi asiyeangalia kinachoingia, na hutachukua muda kukutana na matusi na takataka. Seva iliyokata mamia bila maelezo yoyote inaweza kukutenga na ndugu au rafiki uliyetaka kumfuata, nawe hutaambiwa. Mtafute msimamizi anayeandika sababu kwa maneno yanayoeleweka. Angalia pia kama anaeleza gharama zinalipwaje, kwa kuwa seva ni kompyuta inayolipiwa kila mwezi, na nyingi zinaishi kwa michango ya watumiaji.

Seva zilizoorodheshwa kwenye joinmastodon.org zimekubali masharti yaliyowekwa mwaka 2019: kupambana kwa vitendo na ubaguzi na chuki, kutunza nakala rudufu kila siku, kuwa na angalau mtu mmoja zaidi mwenye uwezo wa kuingia kwenye mitambo dharura ikitokea, na kuwapa watumiaji notisi ya miezi mitatu kabla ya kufunga. Mawili ya mwisho yasikupite. Seva nyingi ndogo zinategemea mtu mmoja, na mtu huyo akiugua au akichoka, watumiaji wake hubaki wanapiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Hata wakubwa hufunga: Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, waliizima mozilla.social Desemba 2024.

Tazama na herufi za mwisho za anwani. Vikoa, yaani majina ya anwani za mtandaoni, vinavyoishia na herufi mbili ni vya nchi, na nchi inaweza kubadili mawazo. Mwaka 2024 seva moja iliyokuwa ikitumia kikoa cha Afghanistan, .af, ilipoteza anwani yake baada ya mamlaka za huko kukisimamisha, ingawa kompyuta yenyewe ilikuwa nzima na data zote zilikuwepo. Ukiona seva imechukua kikoa cha nchi ya mbali kwa sababu tu herufi zake zinapendeza, jiulize nani mwenye kauli ya mwisho juu yake.

Kuhusu ukubwa, mastodon.social ndiyo kubwa kuliko zote, inaendeshwa na watengenezaji wenyewe, na hakuna aibu kuanzia huko. Hasara yake ni kwamba mkondo wa machapisho ya wenyeji wa seva hupita kasi mno kiasi kwamba hauna maana. Kwenye seva ndogo ya taaluma, tuseme ya walimu, wanasayansi au wapenda programu huria, mkondo huo huo husomeka na unaweza kukujulisha kwa watu wapya ndani ya siku chache. Anayekusudia kuandika kwa Kiswahili asome kanuni kwa makini, maana baadhi ya seva zinataka machapisho ya hadhara yawe katika lugha ambayo wasimamizi wanaielewa.

Hatua ya tatu: jisajili na uilinde akaunti

Usajili unahitaji jina, baruapepe na nenosiri, kisha unabofya kiungo kinachotumwa kwenye baruapepe yako, ambacho mara nyingine hujificha kwenye folda ya barua taka. Baadhi ya seva hukuruhusu kuingia hapo hapo, na nyingine zinakutaka ueleze kwa nini unataka kujiunga. Usiandike tu kwamba unataka kujiunga, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyoandika matapeli na roboti. Sentensi kama "Ninafundisha jiografia Tanga, napenda kujadili ramani na hali ya hewa, na nitaandika zaidi kwa Kiswahili" inatosha, mradi uiandike kwa lugha ambayo msimamizi anaisoma.

Ukishaingia, washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye mipangilio ya akaunti kabla hujafanya jambo lingine. Mastodon haitegemei ujumbe mfupi wa simu kwa kazi hii, bali hutumia programu inayozalisha tarakimu, kwa mfano Aegis kwenye Android. Kwa hiyo anayeiba laini yako haipati akaunti yako. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba simu ikipotea, tarakimu zimepotea nayo, na huna kampuni ya kuipigia. Utapewa misimbo ya akiba mara unapowasha huduma hii; iandike kwenye karatasi na uitunze pamoja na vyeti vyako, si kwenye picha ndani ya simu ile ile.

Unaweza kutumia kivinjari tu, au upakue programu rasmi ya Mastodon, au Tusky kwenye Android, au Ice Cubes kwenye iPhone. Programu hizi humchanganya mgeni kwa swali la kwanza: zinauliza seva, si jina. Andika anwani ya seva peke yake, kama mtaa.example, kisha utapelekwa kwenye ukurasa wa seva yako na hapo ndipo utakapoandika baruapepe na nenosiri. Programu yoyote inayokuomba nenosiri bila kukupeleka kwenye ukurasa huo ni ya kushuku.

Hatua ya nne: jaza wasifu kabla ya kumfuata mtu

Mpangilio huu una sababu yake. Watu wengi hufungua wasifu wa mfuasi mpya ili kuona ni nani, na wasifu usio na picha, maelezo wala chapisho hata moja hudhaniwa kuwa wa roboti. Andika sentensi mbili au tatu kuhusu unachofanya na unachopenda kujadili, weka picha, kisha andika chapisho moja la kujitambulisha na ulibandike juu ya wasifu wako. Alama ya reli inayotumika duniani kote kwa utambulisho ni #introduction. Iongezee #Kiswahili ili wasomaji wa lugha yako wakuone.

Wasifu una nafasi ya viungo, na hapo ndipo uthibitisho wa Mastodon unapofanyika bila malipo. Kama una tovuti, weka ndani yake kiungo kinachoelekea kwenye wasifu wako wa Mastodon, kikiwa na maelezo rel="me" kwenye msimbo wake. Seva itaisoma tovuti hiyo, na kiungo kwenye wasifu wako kitageuka kijani. Rangi hiyo haisemi kwamba wewe ni mtu mashuhuri. Inasema tu kwamba mwenye tovuti na mwenye akaunti ni mmoja, jambo ambalo kwa gazeti, duka au chama cha ushirika ndilo linalotakiwa hasa.

Kwenye mipangilio ya faragha utakuta pia maswali kama unapenda wasifu wako upendekezwe kwa wengine na kama machapisho yako ya hadhara yatafutike kwa maneno. Hilo la pili huwa limezimwa hadi ulikubali. Mwenye biashara au mwandishi na awashe yote mawili, na anayetaka utulivu ayaache.

Hatua ya tano: tafuta watu, maana hakuna atakayekutafutia

Ukurasa wa nyumbani utakuwa mtupu. Hakuna algorithimu inayomwaga humo video za watu usiowajua, na ukimya huu ndio unaowarudisha wengi walikotoka ndani ya wiki ya kwanza. Chukua muda, hata siku tatu nne, kufuata watu wengi kuliko ulivyozoea, kwa kuwa kumwacha mtu baadaye ni kubofya mara moja tu.

Hapa inafaa kueleza jinsi seva zinavyojuana, kwa sababu bila hilo utadhani mambo yameharibika. Seva yako haina nakala ya mtandao mzima. Inajua hasa machapisho ya watu ambao angalau mtumiaji wake mmoja anawafuata, pamoja na yale yaliyosambazwa na watu hao. Kwa hiyo ukimtafuta mtu kwa jina la kwanza unaweza usimpate kabisa, ilhali yupo. Bandika anwani yake nzima, au kiungo cha ukurasa wake, kwenye kisanduku cha kutafutia, na seva itakwenda kumchukua. Wasifu utakaofunguka unaweza kuonyesha machapisho machache au usionyeshe lolote, hata kama mtu huyo ameandika kwa miaka. Seva yako imemjua leo. Ukitaka ya zamani, fungua ukurasa wake wa asili. Vivyo hivyo majibu chini ya chapisho la mbali yanaweza kuonekana pungufu, na kabla ya kumsahihisha mtu ni vizuri kwenda kwenye ukurasa wa asili kuona kama tayari watu kumi hawajamsahihisha.

Njia yenye mavuno zaidi ni kufuata alama za reli. Tangu toleo la 4.0 la Novemba 2022, alama ya reli hufuatwa kama mtu anavyofuatwa, na machapisho yake huingia moja kwa moja kwenye ukurasa wako wa nyumbani. Anza na #Kiswahili, jina la nchi au mji wako, kisha shughuli zako: ukulima, upigaji picha, mpira, lugha za programu. Nisikufiche kwamba waandishi wa Kiswahili humo bado ni wachache, na machapisho mengi yenye alama ya Kenya au Tanzania ni ya Kiingereza. Unapompata anayeandika Kiswahili, usimpite kimya. Mjibu, na usambaze chapisho lake. Kitufe cha nyota humfurahisha mwandishi lakini hakilipeleki chapisho kwa wafuasi wako, ilhali kitufe cha kusambaza ndicho kinacholifikisha kwenye kurasa zao. Kwenye mtandao usio na algorithimu ya kusukuma mambo, wasomaji wenyewe ndio wanaolibeba neno.

Marafiki walio kwenye mitandao mingine si lazima wahame ili muonane. Baadhi ya watumiaji wa Threads, ya kampuni ya Meta, wamewasha chaguo la kushiriki na mitandao ya ActivityPub, na hao hufuatika kutoka Mastodon isipokuwa kama seva yako imeikata Threads, na zipo zilizofanya hivyo. Bluesky, iliyofungua milango kwa watu wote Februari 2024 baada ya kipindi cha mialiko, inatumia itifaki nyingine iitwayo AT, na haizungumzi na Mastodon moja kwa moja. Kuna daraja la hiari, Bridgy Fed: ukiifuata akaunti ya @bsky.brid.gy@bsky.brid.gy, machapisho yako ya hadhara yataanza kuonekana Bluesky.

Hatua ya sita: kuandika, na nani anasoma

Chapisho la kawaida lina herufi 500, ingawa baadhi ya seva zimeongeza. Kabla ya kulituma, angalia vitu vinne kwenye kisanduku cha kuandikia.

Cha kwanza ni lugha. Kiswahili kimo kwenye orodha, na ukisahau kukichagua chapisho lako litahesabiwa kuwa la Kiingereza au lugha yoyote iliyowekwa awali. Hilo si jambo dogo, kwa sababu wengine huchuja mikondo ya hadhara kwa lugha, na mtu anaweza hata kukufuata kwa machapisho yako ya Kiswahili peke yake. Anayeandika kwa lugha mbili atanufaika sana na kitufe hiki. Cha pili ni maelezo ya picha kwa wasioona. Desturi ya Mastodon inayatilia mkazo kuliko mtandao mwingine wowote ninaoujua, na wapo watu wasiosambaza picha isiyo na maelezo hata iwe nzuri vipi. Katika alama za reli pia, anza kila neno kwa herufi kubwa, kama #HabariZaKilimo, ili programu zinazosoma kwa sauti zitamke maneno badala ya kuyaunganisha. Cha tatu ni onyo la maudhui, ambalo hulificha chapisho nyuma ya mstari mmoja wa maelezo. Hutumika kwa picha za ajali na maiti, kwa siasa kali, hata kwa matokeo ya mechi ambayo wengine hawajaiangalia.

Cha nne ndicho kizito: nani ataliona. Kuna ngazi nne. Ya hadhara huenda kila mahali. Ya hadhara ya kimya huonekana na yeyote anayefungua ukurasa wako lakini haiingii kwenye mikondo ya jumla wala matokeo ya utafutaji. Ya tatu ni ya wafuasi peke yao. Ya nne ni ya waliotajwa tu, na hiyo ndiyo inayoshika nafasi ya ujumbe wa faragha. Hii ya nne imewaponza watu. Si chumba kilichofungwa kama mazungumzo ya WhatsApp, kwa sababu haijasimbwa kutoka mwisho hadi mwisho: wasimamizi wa seva yako na wa seva ya mwenzako wana uwezo wa kiufundi wa kuisoma. Zaidi ya hapo, ukimsengenya mtu kwa kuandika anwani yake yenye @ ndani ya ujumbe huo, mfumo utamhesabu kuwa ametajwa, na atapokea ujumbe wenyewe. Ngazi ya wafuasi nayo haina maana kama akaunti inamkubali kila mfuasi moja kwa moja, kwa hiyo anayeitegemea na awashe kwanza chaguo la kuidhinisha wafuasi. Mambo ya siri, namba za akaunti za benki na habari za vyanzo vya mwandishi zipelekwe kwa Signal, programu ya ujumbe uliosimbwa.

Kufuta chapisho kunawezekana, na kurekebisha pia. Seva yako itazitaarifu seva nyingine, nazo kwa kawaida hutii, lakini haiwezi kuzilazimisha.

Hatua ya saba: jiunge na jumuiya

Mastodon inafuata watu. Anayetaka mjadala unaofuata mada, wenye mwanzo, majibu na kumbukumbu inayosomeka baada ya mwezi, atafute Lemmy, iliyoanza mwaka 2019 na kupata umati wake Juni 2023, watumiaji wa Reddit, jukwaa la mijadala la kampuni moja, walipogomea ada mpya zilizozibana programu za watu wengine. Kila jumuiya ya Lemmy ina anwani yenye alama ya mshangao mwanzoni, na ina wasimamizi wake walio tofauti na wasimamizi wa seva. Si lazima ufungue akaunti ya pili. Ukiwa Mastodon, itafute jumuiya hiyo kama unavyomtafuta mtu, kwa alama ya @ badala ya mshangao, uifuate, na mijadala yake itaanza kukujia. Ukiitaja kwenye chapisho jipya, mstari wako wa kwanza utakuwa kichwa cha mada huko. Ila kusoma mijadala mirefu ya Lemmy kupitia Mastodon kunachosha, kwa kuwa majibu yote humwagika kwenye ukurasa wako wa nyumbani pamoja na mengine. Anayeipenda jumuiya moja kwa dhati na afungue akaunti huko huko.

Kabla ya kuanzisha jumuiya yako ya Kiswahili, tazama kama ipo iliyolala. Kumwomba msimamizi aliyechoka akuongeze kuwa msaidizi ni bora kuliko kuwa na jumuiya tatu za mada moja, kila moja ikiwa na watu wawili.

Hatua ya nane: kujikinga na kulalamika

Unaweza kumnyamazisha mtu, naye asijue. Kumzuia, asikufuate wala kukujibu. Kuchuja maneno, hata kwa muda, jambo linalofaa sana wakati wa uchaguzi au fainali. Na unaweza kuizuia seva nzima kwa upande wako tu, bila kumngoja msimamizi.

Kuripoti kunahitaji maelezo zaidi kwa anayetumia Kiswahili. Ripoti yako inasomwa na msimamizi wa seva yako, ambaye mara nyingi ni mtu wa kujitolea, pengine yuko Hamburg au Toronto, na tusi la Kiswahili kwake ni herufi tu. Akilipitisha kwenye programu ya kutafsiri, fumbo la kikabila au kejeli ya mtaani itatoka ikiwa sentensi safi isiyo na kosa. Kwa hiyo chagua machapisho yote yanayohusika, si moja, kisha kwenye nafasi ya maelezo andika kwa lugha ya msimamizi neno hilo lina maana gani, linamlenga nani, na ni kanuni ipi ya seva imevunjwa, ukitaja namba yake. Kama mkosaji yuko seva nyingine, utaulizwa kama nakala ya ripoti ipelekwe huko pia. Kubali kama seva hiyo ina msimamizi wa kuaminika. Kama seva yenyewe ni ya wachokozi, kataa, usije ukawapa maneno yako.

Mwenye bando dogo azime uchezaji wa picha zinazojongea, achague kuficha picha na video hadi azibofye, na kwenye kivinjari awashe hali ya polepole, ambayo hungoja ubofye ndipo ilete machapisho mapya.

Hatua ya tisa: tunza nakala, na ujue kuhama

Kuhama kunafanyika kwa mpangilio maalumu. Fungua akaunti mpya kwenye seva mpya. Ukiwa kwenye akaunti mpya, nenda kwenye mipangilio ya akaunti na uitambulishe ile ya zamani kuwa ni yako. Kisha rudi kwenye ya zamani, chagua kuhamia akaunti nyingine, andika anwani mpya nzima na uthibitishe kwa nenosiri. Wafuasi wako watahamishwa na seva zao bila kubofya chochote, na wasifu wa zamani utabaki ukionyesha ulikoelekea. Baada ya hapo hutaweza kuhama tena hadi zipite siku 30.

Machapisho hayahami. Yanabaki kwenye akaunti ya zamani, na nakala yake unayoweza kuiomba mara moja kila siku saba ni ya kujisomea na kuhifadhi. Seva mpya haiipokei. Kinachopokelewa ni mafaili ya watu unaowafuata, uliowazuia na uliowanyamazisha, orodha zako na alamisho zako. Unayapakua kutoka seva ya zamani na kuyapakia kwenye mpya. Kwa kuwa seva ya zamani ndiyo inayozitaarifu seva za wafuasi kwamba umehama, sharti iwe hai siku unapohama. Seva iliyokwisha kufa haihamishi mtu, na aliyekuwa na faili la anaowafuata atawapata hao tena, lakini wafuasi wake itabidi awaite upya mmoja mmoja. Pakua mafaili hayo kila mwisho wa mwezi, na ukiona msimamizi amekuwa kimya muda mrefu au seva inazimika mara kwa mara, hama ingali inawaka.

Wako watakaotaka kwenda mbele zaidi na kuendesha seva ya chama chao, shule au kundi la marafiki. Mastodon yenyewe ni nzito kidogo, na kinachokula nafasi si maandishi ya watu wako bali ni picha na video zinazoletwa kutoka seva nyingine, kwa hiyo weka ratiba ya kuzifuta tangu siku ya kwanza. Kwa watu wachache GoToSocial ni nyepesi zaidi, na ipo pia huduma kama Masto.host inayokuendeshea mitambo kwa malipo ya mwezi. Kabla ya kununua kikoa, shughulikia sheria. Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020, pamoja na marekebisho yake, zinazowataka watoa huduma za maudhui kuwa na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, pia ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Uliza kwa maandishi kama seva ya kundi lako inaguswa na masharti hayo, na usisajili mtu wa pili kabla hujapata jibu na kabla hujampa mwenzako mmoja nenosiri la kuingilia kwenye mitambo.